Je, wajua kwa nini Wayahudi wengi wa Ethiopia walikutana na Hanukkah kwa mara ya kwanza Israeli?

Tarehe 24 na 25 Mei 1991, kwa muda wa saa 36 hivi, ndege zilipishana kati ya Addis Ababa na Israeli zikiwavusha Wayahudi wa Ethiopia zaidi ya 14,000. Viti viling'olewa ili watu waenee. Boeing 747 moja ilibeba abiria zaidi ya 1,080 kwa safari moja.

Desemba ya mwaka uleule, taa ndogondogo ziliwashwa madirishani katika nchi yao mpya. Ilikuwa Hanukkah. Na wengi wa watu hawa, ambao mababu zao waliswali karne na karne wakiielekea Yerusalemu, walikuwa hawajawahi kuwasha hata mshumaa mmoja wa sikukuu hiyo. Inakuwaje Myahudi asiijue Hanukkah?

Jibu limo ndani ya vitabu. Ukiipekua Torati kurasa zote, Hanukkah huioni. Kisa chake ni cha baadaye sana. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne alilinajisi Hekalu la Yerusalemu na kuwapiga marufuku Wayahudi kufuata sheria yao. Yuda Makabayo na nduguze wakapigana, na mwaka 164 wakalitakasa Hekalu na kuliweka wakfu upya. Neno Hanukkah maana yake ni huko kuweka wakfu. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huenda amekwisha kuipita bila kuitambua: Yohana 10:22 inaiita Sikukuu ya Kutabaruku, na inasema ilikuwa wakati wa baridi.

Habari ya vita hivyo iko katika vitabu vya Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanavyo katika Biblia yao lakini havimo katika Biblia ya Kiebrania. Nayo habari ya kichupa cha mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane inatoka katika Talmud, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya marabi. Marabi ndio walioifanya Hanukkah kuwa sikukuu ya taa tunayoiona leo.

Wayahudi wa Ethiopia, wanaojiita Beta Israel, yaani nyumba ya Israeli, waliishi katika milima ya Gondar na Tigray bila Talmud. Kitabu chao kilikuwa Orit, maandiko matakatifu katika lugha ya Ge'ez, na viongozi wao wa dini waliitwa kes, wala si rabi. Walichokikuta katika Orit walikishika kwa nguvu zote. Siku ya Sabato, kwa mfano, Wayahudi wengi duniani hukaa na taa iliyowashwa kabla jua halijazama. Beta Israel walizima kila moto, hata ule wa jikoni. Pasaka waliijua, na siku ya kufunga ya Kippur waliijua. Hanukkah haikuwa imewafikia, isipokuwa wachache waliofundishwa na walimu kutoka nje katika karne ya 20. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba watu hawa walisahau. Huwezi kusahau usichopewa.

Tena walikuwa na sikukuu yao ambayo Wayahudi wengine hawakuwa nayo. Inaitwa Sigd, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Mzizi wake ndio uliotupa sisi, kwa njia ya Kiarabu, maneno sujudu, sijida na hata msikiti. Sigd ni siku ya kusujudu.

Huja siku 50 baada ya Kippur. Huko Ethiopia watu walioga, wakavaa nguo safi nyeupe, wakaanza kupanda mlima wakiwa wamefunga. Wengine walibeba jiwe kichwani au mabegani, ishara ya unyenyekevu na toba. Juu kule wale kes walisimama chini ya miavuli ya rangi kali iliyotiwa nakshi, wakasoma Orit na habari za Ezra na Nehemia, watu waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni. Umati ukasujudu na kuomba na wao warudi. Alasiri wakateremka kwa nyimbo na ngoma, wakafungua kwa mkate wa dabo.

Walipoanza kurudi kweli, njia iliwala. Katika miaka ya 1980 maelfu walitembea kwa miguu hadi Sudan wakisubiri kuchukuliwa, na takriban 4,000 walikufa njiani na kambini. Waliofika wakakuta swali lingine: marabi wakuu wa Israeli walitaka kwanza wachovywe majini kama watu wanaoingia dini upya. Mwaka 1985 waliketi Yerusalemu kwa wiki kadhaa wakipinga, na ni haki yao. Mtu aliyezika watoto wake njiani kwa ajili ya Yerusalemu, anaambiwaje kwamba Uyahudi wake una shaka?

Katika hali hiyo ndipo Hanukkah ilipoingia nyumbani, na mara nyingi iliingia kwa mkono wa mtoto. Kila chekechea ya Kiyahudi nchini Israeli husherehekea Hanukkah. Mtoto hurudi na kinara alichokitengeneza kwa udongo au vizibo, akiwa na wimbo mdomoni na midomo imejaa sukari ya sufganiyah, donge la ngano lililokaangwa, mfano wa andazi la mviringo lenye jemu ndani. Hukaangwa makusudi, maana sikukuu ni ya mafuta.

Kinara kina nafasi tisa: nane za siku nane, na moja ya shamash, mtumishi, mshumaa unaowasha mingine. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini kuwasha huanza na ule mpya wa usiku huo, ulio kushoto. Usiku wa kwanza mmoja, wa pili miwili, hadi minane. Ukihesabu na mtumishi, sikukuu nzima hula mishumaa 44. Mzazi aliyezoea kumfundisha mwanawe kila kitu cha dini akajikuta anafundishwa yeye.

Lakini mzigo wa Beta Israel haukuachwa kwenye uwanja wa ndege. Waliendelea na Sigd. Yerusalemu maelfu hukusanyika penye barabara ya juu ya Armon Hanatziv, mahali unapoona Mji wa Kale wote mbele yako, miavuli ikiwa ileile na Ge'ez ikisomwa. Mwaka 2008 bunge la Israeli likapitisha sheria ya kuifanya Sigd sikukuu ya taifa. Sasa nyumba hizo huiadhimisha Sigd kwanza, na kabla mwezi mmoja haujapita hutoa kinara cha Hanukkah.

Pamoja na kinara huja mchezo wa watoto: pia ya kuzungushwa, yenye pande nne na herufi moja ya Kiebrania kila upande. Pia za Wayahudi walioko nchi nyingine zina Nun, Gimel, He na Shin, vifupisho vya maneno "muujiza mkubwa ulitokea kule". Zile za Israeli hubadilisha herufi moja. Bibi aliyepanda mlima Gondar kuiombea Yerusalemu ya mbali, mjukuu wake akimwekea pia ile kiganjani, pale penye Shin huikuta Pe: muujiza mkubwa ulitokea hapa.