Maduka Kufungwa Mchana Ufaransa Si Uvivu

Wageni wengi katika miji midogo ya Ufaransa husema wenyeji ni wavivu: saa sita mchana maduka hufungwa hadi saa nane, Jumapili kimya, Jumatatu nusu ya mtaa bado imefungwa. Si kweli, na inaniuma kila nikisikia ikirudiwa.

Mwoka mikate anayefunga saa saba mchana aliamka usiku wa manane kukanda unga, na alasiri hufungua tena hadi saa moja jioni. Mwenye duka la nguo anayepumzika Jumatatu alihudumia wateja Jumamosi kutwa. Mara nyingi yuko peke yake au na mwenziwe. Akienda kula, hakuna wa kumshikia duka. Nayo mapumziko ya Jumapili ni haki ya wafanyakazi, iliyowekwa na sheria ya 1906 baada ya kupiganiwa kwa miaka.

Mwenyeji wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hatashangaa, maana huko nako maduka kadhaa hufungwa adhuhuri. Ukiwa Ufaransa, fanya manunuzi asubuhi, hasa siku ya gulio. Ukichelewa, supamaketi kubwa za pembezoni mwa mji kwa kawaida hazifungi mchana.