Kafi la Greenland: pima moja na dhiraa moja

Aliyezoea makafi ya kisasa ya kayaki (mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu), yenye bapa pana kila ncha, akikabidhiwa kafi la mbao la Greenland hudhani amepewa ufito. Upana wake ni sentimita 8 au 9 tu. "Hili litasukuma maji gani?"

Linasukuma. Bapa linaanzia karibu na mkono hadi ncha, sentimita 85 hivi kila upande, hivyo sehemu inayoshika maji haipishani sana na ya bapa fupi pana. Kosa la wanaoanza ni kulichovya wima, hutikisika. Ukingo wa juu ukiinamishwa mbele kidogo, linapita kimya. Wawindaji wa sili, wanyama wa bahari za baridi, waliuhitaji ukimya huo.

Wengine huulizia "saizi ya kawaida". Haipo. Kafi hupimwa kwa mwili wa mwenyewe, na Kiswahili kina vipimo vyake tayari: pima moja (mikono ikinyooshwa, ncha ya vidole hadi ncha ya vidole) kuongeza dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya vidole). Mwenye pima ya sentimita 175 na dhiraa ya 45 atachonga la 220. Upana wa bapa nao usizidi kile ambacho kiganja kinaweza kukikumbatia, maana mara nyingine hushikwa hapo hapo.

Kelele nyingi ziko kwenye uzito: eti jepesi zaidi ndilo bora. Shika jembe karibu na chuma, kisha lishike mwisho wa mpini. Uzito ni ule ule, mkono unasema vingine. Makafi mawili ya kilo moja moja yanaweza kuchosha tofauti kabisa, kutegemea unene wa ncha. Wachongaji wa leo hupenda mwerezi mwekundu kwa wepesi wake, lakini wazee wa Greenland hawakuwa na msitu wa kuchagua. Walichonga magogo yaliyoletwa na bahari, mengi kutoka mito ya Siberia, kisha wakavalisha ncha mfupa ili barafu isizile. Yaani waliongeza uzito pale pale unapochosha zaidi, kwa kujua. Kafi linalopasuka katikati ya barafu halina wepesi wa kujivunia.

Na kafi fupi, la sentimita 180 hivi, si la watoto. Ni la upepo mkali. Mikono hukaa karibu karibu, na kila pigo kafi huteleza upande unaoingia majini, ili upande wa juu usiwe tanga. Hali ikitulia, hurudishwa chini ya kamba za sitaha kama akiba.