Kile kibao juu ya TV hakioni kitu

Wiki moja baada ya Idi, paka alitafuna waya wa mashine yetu ya gemu, Wii ya kampuni ya Nintendo. Anayeijua Lamu hatashangaa, kwani nyumba zetu za mtaa wa Mkomani paka huingia na kutoka wapendavyo. Waya wenyewe ni ule mwembamba unaotoka nyuma ya Wii hadi kwenye kibao cheusi cha urefu wa kama shubiri moja, kinachokaa juu ya TV. Mashine iliwaka, picha ikaja, lakini kile kialama cha mkono hakikutokea kwenye kioo hata wapwa wangu walipoelekeza rimoti huku na huku. Wakakata tamaa. "Mjomba, imekufa."

Nikatafuta mishumaa miwili, nikaisimamisha kwenye visosi mbele ya TV, shubiri moja kati yake, nikaiwasha. Nikampa rimoti yule mkubwa. Kialama kikatokea katikati ya kioo na kuufuata mkono wake. Watoto walinyamaza kimya, kisha mdogo akauliza kama mishumaa ile imesomewa.

Haikusomewa. Ila swali lake lilinikumbusha jambo ninaloliona katika nyumba nyingi: watu wanacheza gemu hizi za kupunga mkono miaka na miaka bila kujua jicho la mashine liko wapi. Na ukikosea mahali jicho lilipo, utakosea na mengine. Utaiweka TV pabaya, utahofia kisicho na hofu, na kandili la bibi litavunjwa. Haya hapa ndiyo ninayoyasikia sana nyumbani na barazani. Gemu tunayoicheza sisi zaidi ni Metroid Prime 3: Corruption, iliyotengenezwa na Retro Studios wa Austin, Texas, na kutolewa mwaka 2007. Ni hadithi ya mwindaji wa angani mwenye vazi la chuma. Rimoti ya mkono wa kulia ndiyo bunduki yake. Kile kipande cha mkono wa kushoto, Nunchuk, ukikitupa mbele kidogo kinarusha kamba ya umeme inayonasa na kuvuta vitu. Milango ya merikebu za angani hufunguliwa kwa kusukuma kitasa, kukizungusha na kukivuta, yote kwa mkono wako mwenyewe.

Dhana: kibao ndicho kinachouona mkono wangu

Kosa limeanzia kwenye jina. Kiingereza chake kinakiita kitambuzi, na mtu akisikia hivyo huamini kinatambua. Ndani yake hamna kitu cha kutambua. Mna vitaa 10, vitano kila ncha, vinavyotoa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Waya unapeleka umeme tu, haurudishi habari yoyote.

Jicho liko mkononi mwako. Tazama kichwa cha rimoti, pale penye kidirisha cheusi cha plastiki: nyuma yake mna kamera ndogo inayoona infraredi peke yake. Inaona nukta mbili, moja kila ncha ya kibao. Ukielekeza rimoti kushoto, nukta zinahamia kulia mwa kamera, na mashine inapiga hesabu ya pale unapolenga. Ukirudi nyuma nukta zinakaribiana, nayo ikajua umbali wako. Ukiinamisha mkono, nukta nazo zinainama. Mwali wa mshumaa una infraredi tele, ndiyo maana mishumaa miwili ilitosha. (Nilifanya hivyo kwa dakika chache, nikiwa nimesimama pale pale. Moto, mapazia na madera ya watoto havikai pamoja. Siku ya pili nikanunua kibao cha betri, kisicho na waya wa kutafunwa.)

Kama huamini, washa mashine kisha ukitazame kibao kwa kamera ya simu, hasa ile ya mbele. Utaona vitaa vyenye weupe wa zambarau ambavyo kwa macho havipo.

Faida ya kujua haya unaipata siku kialama kinapoanza kurukaruka. Watu hufuta kibao, hukipiga makofi, huenda kununua kingine. Shida iko kwingine: kuna taa ya tatu. Katika mipangilio ya Wii mna ukurasa wa wepesi wa kibao, nao hukuonyesha kile hasa rimoti inachokiona: kioo cheusi na nukta mbili nyeupe. Jioni moja, saa kumi hivi, nilifungua ukurasa huo nikahesabu nukta tatu. Jua lilikuwa linaingia kupitia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, na kupiga sinia la shaba lililosimamishwa kwenye kidaka nyuma ya TV. Nililigeuza sinia lielekee ukutani, nikatazama tena. Nukta mbili.

Dhana: kinatupiga picha

Mama yangu alikiona kile kidirisha cheusi siku ya kwanza akasema, "Yeo sivui buibui mbee ya kitu hicho." Sikumcheka, wala asichekwe mtu kwa hilo. Nyumbani ndipo mwanamke anapopumzika, na ana haki ya kujua ni nini kinachomtazama.

Nilimweleza hivi. Kamera iliyo ndani ya rimoti ya Wii haipeleki picha hata moja. Inachagua nukta zenye mwanga mkali kabisa, zisizozidi nne, na kuipelekea mashine mahali zilipo, basi. Uso haumo, chumba hakimo. Mama alichukua simu, akavitazama vile vitaa mwenyewe, akauliza maswali yake mawili matatu, ndipo akavua buibui na kukaa.

Lakini jibu hilo ni la Wii tu, na hapa wengi huchanganya. Kinect, kifaa cha mashine nyingine ya gemu iitwayo Xbox 360, iliyotoka Novemba 2010, ina kamera ya rangi ya kweli, pamoja na taa ya infraredi inayomwaga maelfu ya nukta chumbani na kamera ya pili ya kuzisoma. PlayStation Move, ya mashine ya PlayStation, iliyotoka mwaka huo huo, hutumia kamera iliyokaa juu ya TV, inayoutafuta mpira unaong'aa kwenye ncha ya kifimbo. Kwa hizo mbili jicho liko ukutani na linakitazama chumba kizima. Ikiwa ndizo ulizo nazo, hofu ya mama yangu iko mahali pake: mkimaliza kucheza chomoa waya, au ifunike kwa kitambaa. Mimi ningefanya yote mawili.

Dhana: nyumba zetu za kale hazifai

Zinafaa, ila TV tunaiweka upande usio wake. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu, na sababu ni boriti. Dari linashikiliwa na miti ya mikoko, na mkoko una kikomo cha urefu unaoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa bila kupinda. Ndiyo maana upana wa chumba haufiki mita 3, hata katika nyumba ya tajiri. Sasa sisi huitundika TV kwenye ukuta mrefu kwa sababu makochi yako ukuta wa pili, kisha mtu akisimama na rimoti kioo kiko puani mwake.

Wii inapenda umbali wa kati ya mita 1 na mita 2.5 hivi. Kinect inataka mita 1.8 kwa mchezaji mmoja na mita 2.4 kwa wawili. Geuza basi: TV iende ukuta mfupi wa mwisho wa chumba, wewe usimame kwa urefu wake. Wachezaji wakiwa wawili wasimame mshazari, mmoja nyuma kidogo ya mwenziwe. Kioo cha kujitazamia kilicho ukuta wa pili kifunikwe. Na kwa mwenye Kinect, kanzu pana au dera huficha miguu, mashine ikashindwa kujua goti liko wapi. Vaa suruali, au kikoi kilichokunjwa juu ya magoti.

Dhana: lazima TV iwe bapa na mpya

Hapana. Bunduki za gemu za miaka ya 1980 ndizo zilizokuwa zikisoma mwanga wa kioo chenyewe, na hizo hufanya kazi kwenye TV ya kichogo tu. Rimoti ya Wii haitazami picha hata kidogo, inatazama vitaa. TV yoyote yenye matundu ya nyekundu, nyeupe na njano inatosha.

Dhana: ukirusha mkono kwa nguvu zaidi, pigo linakuwa kubwa zaidi

Hii ndiyo inayovunja vitu. Mbali na kamera, rimoti ina chombo kiitwacho akselerometa, kinachopima jinsi mwendo wa mkono unavyobadilika. Kinapima vizuri hadi mara 3 ya nguvu ya mvuto wa dunia. Ukipita hapo kimeshafika kikomo, hata ukiurusha mkono kama mtu anayetupa nanga. Gemu haijui kwamba umeongeza. Kitasa cha mlango wa merikebu kinafunguka kwa kifundo cha mkono, kiwiko kimetulia ubavuni, na ukicheza hivyo utalenga vizuri zaidi na bega halitakuuma kesho yake.

Ile kamba ya kifundoni haikuwekwa kwa urembo. Wii ilitoka Novemba 2006, na Desemba hiyo hiyo Nintendo ikaamua kubadilisha kamba milioni 3.2 hivi kwa sababu zile za kwanza zilikuwa nyembamba na zikikatika. Mwaka uliofuata ikaongeza soksi ya mpira ya kuvalisha rimoti. Kwetu sheria ni moja: asiyefunga kamba hachezi, awe mtoto awe mgeni.

Dhana: ni mazoezi, kwa hiyo si lazima watoke nje

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores, Uingereza, waliwapima vijana 11 wa miaka 13 hadi 15 wakicheza Wii Sports. Walitumia nguvu nyingi kuliko wakiwa wamekaa na gemu ya kawaida, lakini chache kuliko wakicheza michezo yenyewe, na hazikutosha kuhesabiwa kuwa mazoezi ya siku. Hiyo ni Wii Sports, ya kurukaruka. Gemu yetu ya angani huchezwa hata ukiwa umekaa kochini. Wapwa wangu wakimaliza saa moja wanashuka ufukoni kuogelea, na sina mjadala nao juu ya hilo.

Dhana: umeme ni umeme, diski ni diski

Mashine yetu aliileta binamu kutoka Marekani. Nilichomeka adapta yake bila kuisoma. Imeandikwa 120V, na ukuta wetu una 240V. Ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua, nikaichomoa mikono ikinitetemeka. Mashine yenyewe ilisalimika, adapta ikaisha pale pale. Kosa langu, na nimeona wengine wawili wakilifanya. Soma mgongo wa adapta kabla ya kuchomeka. Ukinunua nyingine, iwe inapokea 220V hadi 240V na kutoa 12V na ampea 3.7. Kuhusu diski, Wii imefungwa kwa kanda za dunia. Mashine ya Marekani hukataa diski ya Ulaya, na anayekuuzia huenda hakuambii.

Dhana: mtoto akitapika mbele ya gemu, ametupiwa jicho

Mpwa wangu wa kati hupata kizunguzungu akicheza zaidi ya nusu saa, na nyumba nzima ilishaanza kutafuta nani aliyemsifu. Lakini sisi ni watu wa bahari, jambo hili tunalijua kwa upande wake wa pili. Mgeni akikaa ndani ya jahazi siku ya mawimbi, sikio la ndani linasikia mwendo wakati macho yanaona ubao uliotulia, naye anatapika. Nahodha humwambia apande juu atazame ufuko wa mbali. Mbele ya gemu ni kinyume chake: macho yanaona unakimbia na kugeuka, mwili umekaa. Ubongo unapata habari mbili zisizopatana.

Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo, kuwasha taa ya chumbani ili macho yapate kitu kisichosogea, kupunguza kugeuka ghafla, na kuacha mara tumbo linapoanza, bila kujikaza. Mpwa wangu sasa hucheza dakika 20 na kupumzika, na hajatapika tena. Jambo lililo tofauti kabisa, na zito, ni mtoto kukodoa macho, kukakamaa au kutetemeka mwanga unapomeremeta. Wako watu ambao kifafa chao huamshwa na mwanga wa namna hiyo, na wengine hawajijui mpaka siku hiyo. Huyo zima gemu, umpeleke kwa daktari kwanza.

Dhana: Metroid ndilo jina la yule askari

Hata wakubwa husema "Metroid amekufa, anza upya." Metroid ni kile kiumbe kinachoelea kama konyeza na kuwafyonza wengine nguvu zao. Mwindaji anaitwa Samus Aran, na ni mwanamke. Alikuwa hivyo tangu gemu ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 1986, ambamo kofia ya chuma huvuliwa mwishoni tu, kwa aliyemaliza haraka.

Wapwa wangu wa kiume walicheza wiki mbili bila kujua. Aliyegundua ni dada yao wa miaka tisa, ambaye hata rimoti hawakuwa wakimpa. Kombora lilipasuka karibu, mwanga ukajaa, na kwa kitambo kidogo uso wa Samus ukaakisiwa ndani ya kioo cha kofia, macho yakiwa wazi. Mtoto akasimama akakisogelea kioo. "Mjomba, ni mwanamke huyu." Nikamwambia ndiye. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akanyoosha mkono, akapewa rimoti. Akafunga kamba kifundoni, na hakuirudisha mpaka adhana ya magharibi.