Je, wajua hesabu inayonasa namba iliyokosewa inavyofaidika kwa kuacha sheria ya mabano?

Bonyeza *#06# kwenye simu yako. Itatokea namba ya IMEI, tarakimu 15. Zile 14 za mwanzo zinaitambulisha simu. Ya 15 haiongezi habari yoyote, maana imekokotolewa kutokana na hizo 14. Kazi yake ni kulinda: mtu akikosea kuinakili namba, hesabu inakataa na kosa linajulikana papo hapo. Kadi yako ya benki nayo ina tarakimu kama hiyo mwishoni. Huitwa tarakimu ya uhakiki.

Njia inayotumika kwenye IMEI na kwenye kadi ni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyeombea hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Unaanzia kulia, unazidisha kwa 2 kila tarakimu ya pili, jibu likizidi 9 unajumlisha tarakimu zake, kisha unajumlisha zote. Jumla sharti igawanyike kwa 10. Njia hii inanasa kila kosa la tarakimu moja. Lakini ina tundu. Ukiandika 90 badala ya 09, haioni kitu: 9 mara 2 ni 18, na 1 kujumlisha 8 ni 9 ileile, wakati 0 mara 2 inabaki 0. Kwa vyovyote jumla ni 9.

Tundu hilo linahusu kosa la kawaida. Mwaka 1969 Mholanzi Jacobus Verhoeff alichapisha uchambuzi wa makosa ambayo watu hufanya kweli wanapoandika namba. Karibu asilimia 79 yalikuwa ya tarakimu moja kukosewa, na karibu asilimia 10 yalikuwa ya tarakimu mbili jirani kubadilishana nafasi. Mengine yote yalikuja nyuma sana. Kwa hiyo mlinzi mzuri ni yule anayenasa aina hizo mbili bila kubakiza hata moja.

Kwa nini kubadilishana nafasi kunasumbua hivyo? Kwa sababu kujumlisha hakujali utaratibu. 3 + 5 ni sawa na 5 + 3. Tena hakujali mabano: (9 + 5) + 2 ni sawa na 9 + (5 + 2). Waliosoma Tanzania wanaikumbuka MAGAZIJUTO, mabano kwanza, ila kwenye kujumlisha tupu unaweza kuyahamisha mabano utakavyo. Kutoa ni habari nyingine: (9 − 5) − 2 ni 2, lakini 9 − (5 − 2) ni 6. Hesabu za aina hii, ambazo mabano yakihamishwa jibu linaweza kubadilika, ndizo tunazozihitaji hapa.

Chukua programu inayosoma namba kutoka kushoto. Imefika katikati, ina jibu la muda, tuliite c. Zinafuata tarakimu x na y. Programu inafanya (c * x) * y, ambapo nyota ni hesabu yoyote tuliyoichagua. Mwandishi akizipindua, itafanya (c * y) * x. Tunataka majibu hayo mawili yasilingane kamwe, ila x na y zikiwa tarakimu moja.

Sasa tuseme mabano yanahamishika. Basi (c * x) * y ni c * (x * y), na upande wa pili ni c * (y * x). Hiyo c inafutika, tunabaki na x * y dhidi ya y * x. Lakini hesabu inayoruhusu kuhamisha mabano na pia kurudi nyuma bila utata lazima iwe na namba moja isiyobadili kitu, kama 0 katika kujumlisha. Namba hiyo itangulie au ifuate, jibu ni lilelile. Mwanya umepatikana, na hakuna ujanja wa kuuziba ndani ya hesabu hiyo peke yake. Verhoeff alitumia mizunguko na migeuzo 10 ya umbo la pande tano, ambayo mabano yake yanahamishika, na ndiyo maana alilazimika kuongeza hatua ya kuvuruga tarakimu kulingana na nafasi zake. Njia yake inafanya kazi vizuri. Namba za utambulisho za India, Aadhaar, zinaitumia.

Mjerumani H. Michael Damm aliachana kabisa na sheria hiyo ya mabano kuhamishika. Alitumia kwasigrupu, yaani jedwali ambalo kila tarakimu inatokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu. Hili hapa moja la kwake, mstari wa 0 ukiwa juu na wa 9 chini:

0317598642
7092154863
4206871359
1750983426
6123045978
3674209581
5869720134
8945362017
9438617205
2581436790

Anza na jibu la muda 0. Jibu la muda linakuonyesha mstari, tarakimu inayofuata inakuonyesha safu, ukihesabu safu kuanzia 0. Kwa namba 3092: mstari 0, safu 3, unapata 7. Mstari 7, safu 0, unapata 8. Mstari 8, safu 9, unapata 5. Mstari 5, safu 2, unapata 7. Tarakimu ya uhakiki ni 7, namba kamili ni 30927. Kuihakiki, pitisha zote tano; mshazari wa jedwali una 0 tupu, hivyo namba sahihi huishia 0. Jaribu 39027, kosa lilelile la 09 na 90 linalompita Luhn: 7, 7, 8, 3, kisha 4. Imenaswa.

Kosa la tarakimu moja nalo halipiti, kwa kuwa tarakimu mbili tofauti katika mstari mmoja hutoa majibu tofauti, na mistari miwili tofauti chini ya safu moja hutoa majibu tofauti pia. Tofauti ikishaingia, inasafiri hadi mwisho.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba jedwali hili lilidhaniwa haliwezekani. Mwaka 1986 Ecker na Poch walikisia kuwa hakuna jedwali la namna hii, linalonasa kila kosa la tarakimu jirani kubadilishana nafasi, kwa ukubwa wa 2, 6, 10, 14 na kuendelea. Katika tasnifu yake ya mwaka 2004 Damm alionyesha kuwa yapo kwa kila ukubwa isipokuwa 2 na 6. Kumi, ambayo ndiyo hasa tunayoitaka kwa tarakimu zetu, ilikuwa imefungiwa bure.

Majedwali ambayo kila tarakimu inatokea mara moja tu katika kila mstari na kila safu yana kazi nyingine pia. Mtakwimu R. A. Fisher aliyatumia kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kupanga majaribio ya mazao ili rutuba isiyo sawa shambani isipotoshe matokeo. Wengine wameyajaribu kwenye usimbaji wa siri, kama katika mfumo uitwao Edon80.

Ukitaka kulitumia jedwali la Damm kwa namba za wanachama wa SACCOS au za wagonjwa, weka urefu wa namba usiobadilika. Sifuri zikiongezwa mbele hazibadilishi jibu, kwa hiyo 30927 na 030927 zote zitapita.