Nini maana ya kumpa mtu Pokémon wake?

Rafiki wa mtandaoni akikuambia kwamba wewe ni Shuckle, usinune kabla hujamuuliza sababu. Shuckle ni mmoja wa Pokémon, yaani viumbe wa kubuni wa gemu ya mapambano. Kwa picha, ni mdudu wa manjano aliyejibanza ndani ya gamba jekundu lenye matundu, shingo imechomoza juu, mikono imechomoza pembeni. Hatishi hata kidogo. Kasi yake ni alama 5 na nguvu yake ya kushambulia ni 10. Lakini kinga yake ni 230 dhidi ya mapigo ya mwili na 230 tena dhidi ya mapigo ya nguvu za ajabu, na viumbe wanaofika hapo ni wa kuhesabu. Huokota matunda, huyatunza ndani ya gamba, na baada ya muda yanageuka juisi nzito.

Kundi letu la WhatsApp lina watu 23. Tulikutanishwa na mapenzi ya gemu, na wengi wetu hatujawahi kuonana ana kwa ana ingawa wote tuko Dar es Salaam. Shuckle wetu ni dada mmoja wa Tabata anayetunza michango. Mtu akimrushia maneno kwamba hesabu haziko sawa, hajibu. Wakija wengine wawili wakamsonga, hajibu. Kesho yake jioni anaweka ujumbe mmoja: nani alitoa, lini, kiasi gani, kwa mtandao upi, na kimebaki nini. Ugomvi unaishia hapo. Aliyemwita Shuckle kwa mara ya kwanza alimweleza hivi: unapigwa hurudishi, na ulichokitunza ndicho tunachokunywa sote. Dada akaweka Shuckle kwenye DP siku hiyohiyo.

Basi hiyo ndiyo maana ya kumpa mtu Pokémon wake: ni kumtafutia, kati ya viumbe wa kubuni wa mapambano, yule ambaye mwenendo wake unafanana na mwenendo wa mtu huyo. Sura haiingii sana hapo, wala umaarufu, wala ukubwa wa nguvu. Kinachotazamwa ni anafanya nini anapobanwa, anafanya nini akiwa na nafasi, na udhaifu wake umekaa upande gani.

Kwa nini Pokémon, na si wanyama tuliowazoea? Hadithi tulizosimuliwa tungali wadogo zina sungura mjanja, fisi mlafi na kobe mwenye subira, nami nazipenda hadi leo. Tena kufananisha watu na wanyama hakujaisha mjini: mashabiki wa Simba huiita timu yao Mnyama, na wenzao wa Yanga huwaita vyura. Shida ya wanyama hao ni kwamba hukumu yao imeshatolewa. Ukimwita mtu fisi umemaliza, hakuna fisi mzuri wa kumtetea. Viumbe wa Pokémon ni wengi, wamepita 1,000, na kila mmoja ana kitu anachokiweza na kitu kinachomshinda. Kwa hiyo unaweza kusema neno la kweli juu ya rafiki yako bila kumshusha.

Wingi huo una asili yake. Satoshi Tajiri, Mjapani aliyebuni Pokémon, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na gemu yake ya kwanza ilibeba furaha ileile ya kukamata, kutazama na kubadilishana na mwenzako. Ilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya mashine ndogo ya Game Boy, ikiwa na viumbe 151. Sisi huku wengine tulianza kumjua Pikachu, yule wa manjano mwenye umeme, kwenye fulana za mtumba za soko la Karume kabla hatujajua kwamba kuna gemu. Mchezaji huingia kwenye pambano na viumbe wasiozidi sita, kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake ni kujua nani anamfaa nani.

Anayetaka kugawa vizuri anaangalia mambo ya ndani ya gemu yenyewe. Kwanza ni aina. Ziko 18: maji humshinda moto, moto humshinda majani, majani humshinda maji, na umeme haumfanyi lolote kiumbe wa ardhi. Aina peke yake haitoshi kumtambua mtu, ila inasaidia sana kueleza kwa nini watu wawili hawaelewani, au kwa nini mmoja humvumilia ambaye wengine wote wamemchoka.

Kisha kuna tabia, na hapa ndipo penye utamu. Tangu mwaka 2002 kila kiumbe huzaliwa na tabia moja kati ya 25. Tabia 20 huongeza uwezo mmoja kwa asilimia 10 na kupunguza mwingine kwa kiasi hichohicho. Tano zilizobaki hazibadilishi kitu. Jasiri huongezewa nguvu ya kushambulia, lakini hupunguziwa kasi. Mwoga hupunguziwa nguvu ya kushambulia, lakini huongezewa kasi. Wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na gemu imeliweka jambo hilo kwenye hesabu. Nikimwambia mtu kwamba yeye ni mwoga kwa maana hiyo, namwambia kwamba anaiona hatari kabla yetu na anatoka mapema. Kuna mwenzetu wa aina hiyo. Mvua ya masika ikianza tu alfajiri, yeye ndiye wa kwanza kuandika kwamba Jangwani hapatapitika, tafuteni njia nyingine. Mara nyingi tunamcheka, halafu tunaifuata njia aliyosema.

Tatu ni uwezo maalumu wa kila kiumbe pamoja na maelezo mafupi yanayoandikwa juu yake, na mara nyingi jibu liko hapo. Wobbuffet hana pigo lake mwenyewe la kuanzisha ugomvi. Anasubiri apigwe, kisha anarudisha maumivu mara mbili. Kaka mmoja wa Mbagala alipewa huyo na hakuna aliyepinga: hajawahi kumwanza mtu, ila ukimchokoza kwa sentensi moja anakurudishia mbili, na zote zimenyooka. Ditto hujigeuza awe sawa na yeyote aliye mbele yake, lakini akichekeshwa hawezi kushikilia umbo hilo. Ditto wetu ni kijana wa Sinza ambaye akiongea na watu wa Kariakoo anaongea kama wao, na akiongea na wanachuo anaongea kama wao. Mchekeshe kwenye ujumbe wa sauti, lafudhi ya Tanga inamtoka yote. Tunampenda zaidi akiwa hivyo.

Wapo wanaouliza kwa nini tusiache programu ifanye kazi hii. Inawezekana, tena watengenezaji wenyewe walishaifanya: kwenye Pokémon Mystery Dungeon, iliyotoka Japani mwaka 2005, unaulizwa maswali mwanzoni kabisa, na majibu yako ndiyo yanayoamua utakuwa kiumbe gani. Ni jambo zuri na nimelicheza zaidi ya mara moja. Lakini pale unajieleza mwenyewe, na mtu akijieleza huwa anamwelezea yule anayetamani kuwa. Ndiyo maana watu wengi wakiulizwa hujiona Pikachu au joka la moto. Kupewa na wenzako ni kitu kingine. Wao wamekutazama miezi mingi bila wewe kujua unatazamwa.

Kinachotazamwa kwa marafiki wa mtandaoni ni kidogo, na kwa hiyo kinahitaji uangalifu. Hatuoni macho yao, hatujui wanavyotembea. Tunaona nani hujibu salamu za asubuhi, nani husoma kimya wiki nzima na kujitokeza msiba unapotangazwa, nani huomba radhi kwanza, nani hufuta ujumbe aliokwisha kutuma. Mtu akikosana na mwenzake mbele ya watu wote, hapo ndipo tunapomwona vizuri. Mimi sikubali mtu apewe kiumbe kabla hajakaa na kundi muda wa kutosha kupitia angalau mzozo mmoja na furaha moja kubwa.

Kwa wakubwa kuna adabu yake. Tunaye mzee wa Kigamboni, mtu wa rika la baba zetu, anayevuka na kivuko kila siku kwenda kazini. Hakuna aliyethubutu kumgawia kitu hivihivi. Kijana mmoja aliandika, "Shikamoo mzee wetu. Naomba ruhusa nikupe Pokémon wako." Akajibiwa, "Marahaba. Nionyeshe picha kwanza." Ikatumwa picha ya Quagsire, wa buluu, mdomo mpana, macho madogo ya mtu asiye na haraka. Mzee akaandika, "Mbona huyu kambare?"

Ikabidi aelezwe. Quagsire ni wa maji na ardhi kwa pamoja, kwa hiyo umeme haumgusi, na kwenye kundi kuna jamaa mmoja wa umeme mtupu anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa. Kila mtu humjibu kwa hasira isipokuwa mzee. Isitoshe, baadhi ya Quagsire wana uwezo wa ajabu: mpinzani ajiongezee nguvu atakavyo, wao humpokea kana kwamba hajaongeza chochote. Mzee wetu ndivyo alivyo. Mtu akija na vyeo vyake, magari yake na safari zake, anajibiwa kwa upole uleule anaojibiwa kijana wa kidato cha nne. Mzee alikaa kimya dakika kadhaa, kisha akaandika, "Haya, nimempokea." Tangu siku hiyo jamaa wa umeme humwita Baba Quagsire, kwa herufi kubwa.

Wapo viumbe ambao mimi sitoi kirahisi. Magikarp ni samaki ambaye pigo lake la mwanzo ni kurukaruka tu bila kumdhuru mtu, na akifika levo ya 20 anageuka Gyarados, nyoka mkubwa wa maji mwenye ghadhabu. Watu humtoa kama zawadi ya kutia moyo, lakini ndani yake kuna neno kwamba kwa sasa huna faida, na mtu aliyekosa kazi mwaka mzima atalisikia hilo neno kabla ya mengine. Mimikyu naye, aliyetokea mwaka 2016, hujifunika kitambaa chakavu chenye sura ya Pikachu kwa kuwa anatamani kupendwa kama yeye. Mimi humwona mzuri kuliko wote. Lakini kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba amejifunika ili apendwe ni kumvua hadharani. Kama ni kweli, mwambie mkiwa wawili.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa la Slaking. Huyu ni kama nyani mkubwa anayelala ubavu. Jumla ya alama zake ni 670, sawa na viumbe wakuu wa gemu alizotokea, lakini ana uvivu wa kuzaliwa: akipiga zamu moja, zamu inayofuata hafanyi kitu. Tulimpa kaka mmoja wa Chanika. Alikuwa mtu wa akili nyingi, leo anachambua jambo hadi unashangaa, kesho hayupo kabisa, anaulizwa swali na kulipita. Tulimpa kwa kura, tukacheka, naye akaweka alama ya dole gumba. Baada ya hapo akawa haandiki.

Mimi ndiye niliyemtafuta pembeni. Akaniambia ni mlinzi wa usiku, anaingia zamu ya saa 12 jioni, na eneo analolinda hawaruhusiwi kushika simu. Siku asizoonekana ni siku za kazi, na mchana wake analala. Bando nalo ananunua la siku, si la wiki. Tulichokiona kama tabia kilikuwa ratiba na mfuko wa mtu. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa marafiki wa mtandaoni kimya ni ushahidi dhaifu kuliko yote, na tangu hapo nimekataa kumpa mtu kiumbe kwa sababu ya jinsi anavyopotea.

Tulimwomba radhi palepale kwenye kundi, kwa majina yetu, si kwa jumla. Kisha tukarudi kwenye jumbe zake na kuzisoma upya, na safari hii tukatazama saa. Kila asubuhi baada ya zamu, saa 11 na dakika chache, kulikuwa na maneno yaleyale mawili: "Kumekucha salama." Yalikuwepo miezi yote hiyo na hatukuwahi kuyaona, kwa sababu yalifunikwa na salamu za watu wanaoamka saa 1.

Hoothoot ni bundi mdogo anayesimama kwa mguu mmoja na kuhesabu saa bila kukosea, akilia wakati uleule kila siku. Nilimtumia picha na maelezo pembeni kwanza, nikamuuliza kama anamtaka. Alimkubali. Sasa saa 11 alfajiri, kabla adhana haijaisha, dada wa Tabata huwa ameshamjibu, na mzee wa Kigamboni anafuata akiwa njiani kuelekea kivukoni.