Skopu yako ya zamani haijaharibika, ni mzigo tu

Kuna hii stori watu hupenda, eti skopu ya zamani (oscilloscope, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwa skrini) haiwezi kuelewana na jenereta mpya ya mawimbi (mashine ya kutoa mawimbi ya majaribio), kwa sababu umeweka volti 1 kwa jenereta na skopu inasoma 2. Zii, zote mbili ziko sawa. Jenereta nyingi zina ukinzani wa omu 50 ndani, na namba ya kwa skrini ya jenereta imehesabiwa wakidhania upande wa pili pia umeweka omu 50 (huo ndio mzigo), volti igawanyike nusu. Skopu ya zamani kawaida ni omu milioni 1, haivuti kitu, kwa hivyo volti yote inafika ndio unaona mara mbili. Ati waya wa BNC (ile plagi ya kuzungusha ya skopu na jenereta) umeingia vizuri haimaanishi chochote.

Tafuta kiungo cha T na tamineta ya omu 50 (kifuniko chenye ukinzani huo ndani) pale Luthuli, Nairobi, uweke kwa mlango wa skopu. Kubadilisha menyu ya jenereta iwe Hi-Z (yaani ihesabu ikijua mzigo ni wa omu nyingi sana) pia inasaidia, lakini hiyo inarekebisha namba tu, masafa yakipanda na waya ni mrefu mawimbi bado yatarudi nyuma na kona za mawimbi ya mraba zinaweza kuchafuka. Na ukitaka kupima pawa saplai ya volti 12 toa hiyo tamineta kwanza, hiyo ni karibu wati 3 ndani yake, tamineta ndogo zinaungua.