Kwa nini 'A' yangu si 'A' yako: kuunda aina za herufi katika Ada

Kuna mnyororo mmoja wa herufi ambao sitausahau. Ulitoka kwenye programu niliyorithi, ambayo kazi yake ilikuwa kupokea mfuatano wa DNA na kutoa mfuatano wa upande wa pili: palipo na A pawe T, palipo na C pawe G, na kinyume chake. Mnyororo ulionifikia ulikuwa na T na U kwa pamoja. Anayejua biolojia kidogo atashtuka mara moja, kwa sababu T ni ya DNA na U inashika nafasi yake katika RNA. Mtu alikuwa ameilisha programu faili la RNA, na programu ikalipokea bila kulalamika.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Funksheni ilipokea herufi ya aina ya kawaida, `Character`, ikaipitisha kwenye matawi manne ya A, C, G na T, na tawi la mwisho likasema: herufi nyingine yoyote irudishwe kama ilivyo. Aliyeandika alidhani anakuwa mwangalifu. Basi kila A ikageuka T, na kila U ikabaki U. Hakuna onyo lililotolewa, na programu haikusimama.

Kilichoniuma ni kwamba programu ile iliandikwa kwa Ada, lugha ya programu ambayo imekuwa na dawa ya ugonjwa huu tangu kiwango chake cha kwanza cha mwaka 1983. Ndiyo maana naandika. Watu wengi wanaotumia lugha zenye aina kali, yaani zinazokataa kuchanganya data za aina tofauti, huunda aina zao za namba, za tarehe, za fedha, kisha wakifika kwenye herufi wanatumia ile waliyopewa. Naona hapo ndipo tunapoacha mlango wazi.

Herufi ni nini, machoni pa kompaila

Katika lugha ya C, ukiandika 'A' umeandika namba. Aina yake ni `int`, yaani namba kamili, na ukijumlisha moja unapata 66 pale ambapo mashine inatumia ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba yake. Hata `char` yenyewe ni namba ndogo, na kama inaweza kuwa hasi au la ni uamuzi wa kompaila unayotumia, yaani programu inayotafsiri msimbo wako.

Ada ilichukua njia nyingine. `Character` ni aina ya kuorodhesha, kama vile mtu anavyoorodhesha siku za wiki au rangi za taa. Tofauti ni kwamba wanachama wake wengi huandikwa kati ya alama za mkato mmoja badala ya kupewa majina. Mwaka 1983 orodha hiyo ilikuwa na wanachama 128. Toleo la 1995 liliipanua hadi 256 na kuongeza `Wide_Character`, na la 2005 likaleta `Wide_Wide_Character` ili kuubeba Unicode wote, yaani mpango wa namba za herufi za lugha zote.

Lakini jambo lenyewe ni hili: ikiwa `Character` ni orodha tu, basi nawe unaweza kuandika orodha yako. Sheria ya lugha ni fupi mno. Aina yoyote ya kuorodhesha yenye angalau mwanachama mmoja aliyeandikwa kama herufi ni aina ya herufi, na safu yoyote ya mwelekeo mmoja yenye herufi za aina hiyo ni aina ya stringi, yaani maandishi ya herufi zilizofuatana. Maana yake, alama za nukuu ulizozoea kuandikia maneno zinafanya kazi kwa aina yako pia, bila maktaba yoyote.

Mfano ambao mwongozo wa lugha yenyewe umeutumia ni tarakimu za Kirumi. Nitauchukua huo nami, kisha niuendeleze:

```
type Tarakimu is ('I', 'V', 'X', 'L', 'C', 'D', 'M');
type Namba_ya_Kirumi is array (Positive range <>) of Tarakimu;

Mwaka : constant Namba_ya_Kirumi := "MCMLXXXIV";
```

Mwaka huo ni 1984. Ukikosea ukaandika "MCMLXXXZ", kompaila inakataa palepale, kwa sababu Z haimo kwenye orodha. Huhitaji kuandika jaribio la kuthibitisha hilo, maana programu yenyewe haitazaliwa.

Sasa tazama mpangilio. Katika `Character`, C iko kabla ya L, kwa kuwa ASCII inazipa 67 na 76. Katika `Tarakimu`, L iko kabla ya C, kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga orodha, na nimeipanga kwa thamani: hamsini kabla ya mia. Alama ya `<` inafuata mpangilio wangu. Kwa hiyo kanuni ya Warumi, kwamba tarakimu ndogo ikitangulia kubwa inatolewa, inaandikika karibu kama inavyotamkwa:

```
Thamani : constant array (Tarakimu) of Positive :=
  (1, 5, 10, 50, 100, 500, 1000);

function Hesabu (N : Namba_ya_Kirumi) return Natural is
   Jumla : Integer := 0;
begin
   for K in N'Range loop
      if K < N'Last and then N (K) < N (K + 1) then
         Jumla := Jumla - Thamani (N (K));
      else
         Jumla := Jumla + Thamani (N (K));
      end if;
   end loop;
   return Jumla;
end Hesabu;
```

Jumla ni `Integer` kwa makusudi, maana katika "IV" inapita kwanza kwenye hasi moja kabla ya kufika nne. Tena angalia `Thamani`: faharasa yake, yaani kile kinachotaja nafasi ndani ya safu, ni herufi zenyewe. Hakuna kutoa 'A' ili kupata namba ya nafasi, wala jedwali la nafasi 256 ambalo nyingi zake ni tupu.

Nisikudanganye, hata hivyo. Ukiipa funksheni hii "IIX" itakurudishia 10, ingawa hakuna anayeandika kumi hivyo. Aina inalinda alfabeti tu, hailindi sarufi. Mtu akikuambia aina zitamaliza makosa yote, mwonyeshe "IIX".

Kurudi kwenye DNA

Hivi ndivyo nilivyoiandika upya ile programu. Kwanza herufi nne za besi, yaani vijenzi ambavyo DNA imeundwa kwavyo, na mnyororo wake:

```
type Besi is ('A', 'C', 'G', 'T');
type Mnyororo is array (Positive range <>) of Besi
  with Component_Size => 2;
```

Kisha jedwali la jozi, ambalo kwangu mimi ndilo kipande kizuri kuliko vyote katika somo hili:

```
Jozi : constant array (Besi) of Besi := "TGCA";
```

Isome taratibu. Hii ni safu ambayo faharasa yake ni `Besi` na kilichomo ndani yake ni `Besi`. Kwa kuwa ni safu ya mwelekeo mmoja ya herufi, nayo ni aina ya stringi, kwa hiyo naweza kuijaza kwa nukuu. A inapewa T, C inapewa G, G inapewa C, T inapewa A. Funksheni nzima ya matawi matano imegeuka mstari mmoja, na lile tawi la mwisho lililotuletea balaa halina pa kukaa. Huwezi kuuliza `Jozi ('U')`, kwa sababu hakuna 'U' kwenye `Besi`. Na ukiandika nukuu ya herufi tatu badala ya nne, kompaila haitanyamaza.

RNA inapata aina yake, `('A', 'C', 'G', 'U')`. Hapa wengi huuliza: sasa 'A' iko kwenye aina kadhaa, kompaila itajuaje namaanisha ipi? Inaangalia muktadha. Kama upande wa kushoto ni kigeu cha `Besi`, basi 'A' ni ya `Besi`. Muktadha ukikosekana, itakuambia haielewi badala ya kubahatisha, nawe utataja aina mbele yake: `Besi'('A')`. Jambo hili liliwapata hata watu ambao hawakuunda aina yoyote. Kitanzi cha `for H in 'A' .. 'Z'` kilikubalika mwaka 1983, lakini `Wide_Character` ilipoingia mwaka 1995 kikawa na maana mbili na kukataliwa. Tangu hapo tunaandika `for H in Character range 'A' .. 'Z'`, na kusema kweli inasomeka vizuri zaidi.

Ule mstari wa `Component_Size` nao una faida yake. Wanachama wanne wanatosha biti mbili, yaani besi nne katika baiti moja. Jenomu ya binadamu ina takriban besi bilioni 3.1. Kwa herufi za kawaida hizo ni gigabaiti 3.1 za kumbukumbu, na kwa biti mbili ni takriban megabaiti 775. Msimbo uliobaki haubadiliki hata kwa nukta moja, bado unasoma `M (K)` na kuandika "GATTACA". Kompaila ndiyo inayobeba kazi ya kuchambua biti, na gharama yake ni muda kidogo kila unapoigusa besi mojamoja. Kama kumbukumbu si tatizo lako, uache mstari huo.

Mpakani

Ulimwengu wa nje haujui `Besi`. Faili ni baiti, na mtu kwenye kibodi anaandika chochote. Kwa hiyo lazima pawepo na lango moja, na mimi nasisitiza liwe moja tu, ambapo `Character` inageuzwa kuwa `Besi` au inakataliwa.

Njia ya haraka ni `Besi'Value`, inayogeuza stringi kuwa besi, ila ina mtego: inataka alama za mkato ziwemo ndani ya stringi. `Besi'Value ("A")` itakurushia kosa la `Constraint_Error`, na `Besi'Value ("'A'")` itakubali. `Image`, inayogeuza besi kuwa stringi, nayo inakurudishia alama hizo pamoja na herufi, kwa hiyo ukichapisha mnyororo kwa njia hiyo utapata msitu wa mikato. Kwa kuchapisha natumia jedwali jingine la mstari mmoja, `array (Besi) of Character := "ACGT"`. Kwa kusoma naandika hivi:

```
function Soma (S : String) return Mnyororo is
   Tokeo : Mnyororo (1 .. S'Length);
begin
   for K in Tokeo'Range loop
      case S (S'First + K - 1) is
         when 'A' | 'a' => Tokeo (K) := 'A';
         when 'C' | 'c' => Tokeo (K) := 'C';
         when 'G' | 'g' => Tokeo (K) := 'G';
         when 'T' | 't' => Tokeo (K) := 'T';
         when others =>
            raise Herufi_Batili
              with "nafasi ya" & Integer'Image (K);
      end case;
   end loop;
   return Tokeo;
end Soma;
```

Kwenye mstari wa 'A' kuna 'A' mbili. Ya kushoto ni `Character`, ya kulia ni `Besi`, na mshale uliopo katikati ndio mpaka wenyewe. Tawi la `others` limerudi, lakini safari hii liko mahali pake: linasimamisha kazi na kutaja nafasi ya herufi iliyokataliwa. Lile faili la RNA nililipitisha hapa, nikapata jibu kwenye U ya kwanza kabisa.

Kuna anayeuliza kwa nini nisitumie aina ndogo ya `Character`, yaani kipande cha aina hiyohiyo chenye masharti, badala ya kuunda mpya. Naitumia pale ambapo herufi bado ni maandishi. Tangu toleo la 2012 unaweza kuandika aina ndogo ya irabu kwa sharti kwamba iwe a, e, i, o au u, na hilo linafaa sana kwa kuchambua maneno. Ila aina ndogo inachanganyika na mama yake bila kuomba ruhusa, na ukaguzi wake kwa kawaida hufanyika programu ikiwa inaendeshwa. Besi si maandishi. Ni molekuli ambayo tumekubaliana kuiita kwa herufi, na sitaki ichanganyike na jina la mteja wala anwani ya faili.

Kisha ikaja N. Mashine za kusoma DNA huandika N pale ambapo hazikuweza kujua besi ni ipi, na faili halisi zimejaa N. Hapo nilikaa muda mrefu. Kuiongeza kwenye `Besi` kungefanya wanachama watano, na watano hawaenei kwenye biti mbili. Kuikataa langoni kungezuia karibu kila faili. Mwishowe niliandika:

```
type Alama is ('A', 'C', 'G', 'T', 'N');
subtype Besi is Alama range 'A' .. 'T';

Jozi : constant array (Alama) of Alama := "TGCAN";
```

N nimeiweka mwisho ili zile nne za kweli zikae pamoja na ziweze kukatwa kama kipande kimoja cha orodha. Minyororo iliyosafishwa inabaki ya `Besi`, kwa biti mbilimbili. Ile inayotoka moja kwa moja kwenye mashine ni ya `Alama`, na inachukua nafasi zaidi. Nilichopoteza nakijua: sasa N ikijipenyeza kwenye `Besi`, mara nyingi nitaarifiwa programu ikiwa inaendeshwa, si wakati wa kukompaili. RNA niliiacha iwe aina iliyojitenga kabisa. N inaweza kukutana na T katika faili moja kila siku, lakini U haina shughuli hapo.